Viatu vya Firdausi Havikatiki

Mwanangu Firdausi alikuwa havai viatu, alikuwa anavila. Wallahi sitii chumvi. Raba mpya ukimvalisha mwanzo wa wiki, Ijumaa dole gumba limeshachungulia nje. Yeboyebo zilipasuka visigino. Ndala ndiyo usiseme, mkanda mmoja ulikuwa unabaki mtaa wa juu na mwingine anarudi nao mkononi. Hata katambuga za tairi, ambazo mchunga ng'ombe huzivaa mpaka akazichoka mwenyewe, Firdausi alizing'oa misumari kwa kurukaruka ukuta wa shule. Ana miaka sita, ana miguu myembamba kama fito, na hajui kutembea. Anajua kukimbia na kulala, basi.

Kwa mwingine hilo lingekuwa jambo la kucheka. Kwangu lilikuwa aibu, kwa sababu mimi Tunu ninauza viatu. Nina duka hapa sokoni Kasulu, la kwangu mwenyewe, mume wangu Nurudini yeye ni dereva wa lori na mwezi ukiisha amelala nyumbani mara chache sana. Sasa wewe umesimama mlangoni unamsifia mteja kiatu, mara anapita mwanao mbio, soli inampiga makofi nyuma. "Mama Firdausi, ndivyo hivyo unavyotuuzia?" Na soko lilivyo na midomo, kicheko kinaanzia kwa wauza dagaa kinaishia kwa wauza ndizi.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshika pilipili. Nikichekwa mchana, jioni nyumbani hapakaliki.

Nikaapa nitatafuta kiatu mpaka nikipate. Nikaulizia Kasulu yote, sikupata. Mwishowe nikapanda gari nikaenda Kibondo kwa wifi yangu Asmahani, na yeye akanipeleka kwa fundi mmoja anaitwa Nsabimana, anayeshona viatu vya shule vya ngozi. Soli ya tairi, uzi wa nailoni umepita mara mbili, na pale mbele kwenye vidole kaweka ngozi juu ya ngozi. Nikavipinda. Nikavipiga ukutani. Nikajaribu kuivuta soli kwa mikono yote miwili mpaka wifi akaniambia, jamani, utamvunjia mwenzio kazi.

"Fundi, huyo mtoto ninayemnunulia si mtoto, ni trekta," nikamwambia. "Vitadumu?"

Akacheka. "Mama, mguu utakua utaviacha. Kukatika, hapana."

Nikachukua vya Firdausi, nikachukua na mzigo wa kuuza.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkalisha kwenye kigoda nikamvalisha mwenyewe na kumfunga bizimu. Nilikuwa nimechoka, kichwa kinaniuma, vumbi la njia nzima liko kooni. Nikamshika kidevu ili anitazame.

"Firdausi, nisikilize vizuri. Hivi ndivyo vya mwisho. Ukivikata na hivi, nafunga nguo zako kwenye kanga, nakupeleka kwa bibi yako Rungwe Mpya ukakae huko huko. Mimi nitatafuta mtoto mwingine anayejua kutunza viatu."

Akanitazama. Akavitazama viatu. "Sawa, mama," akasema.

Nikaenda kusonga ugali. Kabla haujaiva, nilikuwa nimeshasahau nilichosema. Nani hajaambiwa maneno ya namna hiyo na mama yake? Mimi niliambiwa nitauzwa, nitaliwa na fisi, nitaachwa stendi, na bado nipo. Mtoto wa kwetu halelewi kwa kubembelezwa tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini.

Na viatu havikukatika, ndugu zangu. Mvua za mwisho zikapita, kiangazi kikaingia, barabara ikawa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, viatu vizima. Bizimu linang'aa. Uzi haujafumuka hata mahali pamoja. Mimi nilijiona nimeushinda ulimwengu. Kila siku mtoto akitoka shule anapitia dukani, nami nikiona wateja nampandisha kwenye stuli.

"Mnamjua huyu? Si ndiye huyu aliyemaliza katambuga? Haya, tazameni. Vile vile vya tangu masika! Vya Firdausi havikatiki!"

Firdausi anasimama pale juu kimya, mikono ubavuni, mguu mmoja ameutanguliza kama nilivyomfundisha. Akina mama wanashika, wananunua. Mzigo ukaisha, nikaagiza mwingine kwa wifi.

Dalili zilikuwepo. Sasa hivi nikikaa naziona zote, zimejipanga. Mtoto alianza kuoga mwenyewe, amefunga mlango, anasema amekuwa mkubwa. Soksi akafua mwenyewe. Akawa analala nazo, nikimuuliza anasema baridi, na kweli baridi ya kiangazi ya huku kwetu si ya mchezo, hata mimi nilikuwa nalala na sweta. Akapunguza kukimbia. Akawa anatembea polepole, anaweka mguu chini kwa kuutafutia mahali. Nikasema alhamdulillahi, adabu imemwingia. Nikamsifu. Majirani nao wakasema, "Mama Firdausi, umelea." Nikaitikia.

Miongoni mwa walionunua alikuwepo Niyonkuru, mama wa Makere anayeleta maharage sokoni siku ya gulio. Ana mtoto anaitwa Pasikali, rika la wangu, naye ana moto miguuni. Siku alipovinunua alivikumbatia, kwa maana alikuwa amesumbuka na huyo mtoto kama nilivyosumbuka mimi. Siku nyingine ya gulio nikamwona anakuja moja kwa moja dukani, hakutua hata kapu, ameshika mfuko.

"Mwakeye, Mama Firdausi."

"Mwakeye. Karibu."

Akakitoa kiatu, akakiweka juu ya meza yangu, katikati ya wateja. Ngozi ya mbele imefunguka mdomo wazi.

"Kiatu chako kimekufa," akasema.

"Kimekufa au kimeuawa?" Pilipili ilishanipanda. "Mama Pasikali, hicho kiatu umekitumia kulimia? Au mtoto wako ana meno miguuni?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtoto wangu anacheza. Uliniambia wako naye anacheza, na havikatiki. Nilikuamini."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema nilikuamini."

Bora angenitukana. Lile neno lilinichoma nikapandisha sauti makusudi soko lisikie. Nikasema wengine wanafuga watoto kama mbuzi halafu wanakuja kulaumu wafanyabiashara. Nikasema adabu ya mtoto huonekana miguuni. Naam, nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki. Na kama vile nimemwita, Firdausi akatokea na begi lake mgongoni, anatoka shule.

"Huyo anakuja! Njoo mwanangu. Panda hapa, waonyeshe."

Akapanda kwenye stuli taratibu, akishika meza. Niyonkuru akamsalimia kwa upole, akamvua kiatu kimoja, akakigeuza. Akapitisha kidole kwenye soli. Akaingiza mkono ndani, akautoa.

"Mama Firdausi," akasema, safari hii kwa sauti ya chini kabisa, mimi na yeye tu, "hiki kiatu hakijakanyaga. Mistari ya tairi yote ipo."

Angeishia hapo, nami ningeishia hapo, aibu ingekuwa ndogo. Alikuwa ananisitiri yule mama. Lakini mimi nikasikia ananiaibisha.

"Hakijakanyaga? Sasa huyu mtoto anatembelea nini, kichwa? Mnataka mguu? Haya, mguu huu hapa!" Nikaishika soksi nikaivuta.

Soksi ilikuwa imegandia. Firdausi akapiga yowe.

Vidole vya mwanangu vilikuwa vimevimba, vimekuwa vya mviringo. Pembeni ya kucha kulikuwa na vidoa vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati, kimoja juu ya kingine, na kisigino vilevile, na pale soksi ilipobanduka damu ilikuwa inatoka. Huku kwetu hakuna asiyevijua vidoa vile.

"Funza," mtu mmoja akasema nyuma. Na mwingine, mwanamke, akasema taratibu kama anayejiambia mwenyewe, "Mtoto wa muuza viatu."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka juu, na mpaka leo sijui nilitaka kumpiga nani. Firdausi akauona. Akajikunyata, akakinga uso kwa begi, akasema haraka haraka, "Sijavikata, mama! Tazama, havijakatika!"

Mkono ukaanguka wenyewe.

Niyonkuru hakuniangalia. Alivuta pini aliyofungia kitenge chake, akaniambia, "Washa kiberiti," nikawasha, akaichoma ncha. Akakaa chini kwenye sakafu ya duka langu, akauweka mguu wa mwanangu mapajani mwake, akaanza kutoa, mmoja mmoja, anazungumza naye Kiha cha taratibu cha kumtuliza. Mimi niliyemtukana dakika chache nyuma nilikuwa namshikia kiberiti. Nilitaka kusema niachie nitoe mimi, lakini niliogopa kumchoma mtoto.

"Viatu unaviweka wapi ukicheza?" Niyonkuru akamuuliza.

"Kwenye kichaka. Nyuma ya banda la mbuzi la zamani, kule nyuma ya shule. Navifunika majani." Alikuwa anamjibu yeye, si mimi. "Tukimaliza kucheza najifuta miguu, navaa soksi, navaa viatu, nakuja dukani."

"Na kwenye banda ndiko kwenye vumbi la funza. Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Walikuwa wanauma."

"Sasa kwa nini hukuvaa?"

Firdausi akanitazama kidogo kwa pembe ya jicho, akamsogelea yule mama sikioni. Ila sauti ya mtoto haijui kunong'ona, wote tulisikia. "Nikivikata mama ananipeleka Rungwe Mpya, anatafuta mtoto mwingine."

Niyonkuru akamaliza kidole alichokishika. Akafuta pini kwenye pindo la kitenge. Akasimama, akabeba kapu lake la maharage, na alipofika mlangoni ndipo akanigeukia. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Wangu anakata viatu kwa sababu yumo ndani yavyo," akasema, akaenda zake. Kile kiatu kilichokufa alikiacha juu ya meza.

Nilifunga duka. Nikambeba mwanangu mgongoni nikampeleka zahanati, mtoto mzima wa miaka sita, na watu njiani wananipisha. Nesi alimloweka miguu kwenye dawa, akawatoa funza waliobaki, akanisema sana. Akauliza, mama unafanya kazi gani? Nikajibu, biashara. Akauliza, ya nini? Nikajifanya sijasikia.

Mwili wa mtoto ni mwepesi kupona. Miguu ilipona. Nilimwosha kila asubuhi na kila jioni, kila kidole, na nilikuwa nikiviosha nataka kulia, maana mama gani asiyeijua miguu ya mwanawe? Mimi najua namba ya mguu wa mtoto wa jirani kwa kuutazama tu akipita barabarani. Wa kwangu nilikuwa naujua kwa nje ya kiatu.

Siku ya soko la Makere nilikwenda. Nilimchukulia Pasikali viatu vingine, nikamkuta Niyonkuru anapepeta maharage. Nikamwambia mama Pasikali, nimekukosea, nimekutukania mtoto mbele za watu, na mtoto wa kulaumiwa hakuwa wako wala wangu. Akavipokea, akanipa na mimi maharage nibebe, akasema yaishe. Kwake yaliisha. Nilirudi Kasulu nimebeba maharage ya watu na hatia yangu iko pale pale, kwa sababu haikuwa ya kwake kuisamehe.

Nikamweka Firdausi mapajani. "Mwanangu, mama alikuwa anatania. Siwezi kukupeleka popote. Sitafuti mtoto mwingine. Vaa viatu, cheza navyo, ruka navyo, vikikatika vikatike. Umenielewa?"

"Sawa, mama," akasema.

Akavaa. Akatoka nje. Akatembea. Wenzake wanafukuzana na mpira wa makaratasi, wanamwita, yeye anawatazama pembeni, akiona jiwe analizunguka. Nikampigia Nurudini simu, yuko njiani na lori lake, nikamweleza yote nikalia. Akasema, "Tunu, neno ulilitoa mara moja. Kulirudisha utalisema mara nyingi." Nikamjibu vibaya, kwa mazoea. Lakini nikafanya alivyosema. Kila siku nilimwambia, na kila siku akaniambia sawa, mama. Nikaanza kuliogopa hilo neno.

Nikawa nafanya jambo ambalo muuza viatu akisikia ataniona nimerukwa na akili. Kila jioni, akishavua, navichukua vile viatu naenda navyo dirishani, nageuza soli, naomba Mungu nione zimelika. Nilikuwa nausukuma uzi kwa ukucha kuona kama umelegea. Haukulegea. Hakika Nsabimana ni fundi.

Mvua za kwanza ziliponyesha ndipo nikaanza kuona mabadiliko. Siku moja tope mpaka kwenye bizimu. Siku nyingine mkwaruzo mrefu ubavuni. Na siku moja nikiwa dukani nikasikia vishindo vinakuja, watoto wamefukuzana wakapita mbele ya mlango kama ng'ombe wametoroka zizini, na wa mbele kabisa, kucheka kwake nilikujua kabla sijamwona. Nilimwacha mteja na kiatu mguu mmoja nikatoka nje kumtazama. Nikajisemea, Tunu, Mungu amekusamehe.

Wiki haikupita. Nilirudi nyumbani mapema, alasiri, mvua imekatika. Nyumba kimya. Kizingitini nikaviona viatu, vimeoshwa vikawekwa sambamba kama vinavyowekwa nje ya msikiti. Cha kulia kilikuwa kimefunguka mbele, ngozi ya juu na ya chini zote, mdomo wazi, kama kile cha Pasikali.

Furaha niliyoisikia siwezi kuwaeleza. Nilikiinua kile kiatu juu nikapiga kigelegele peke yangu mlangoni. "Alhamdulillahi! Firdausi! Firdausi wangu, uko wapi? Umekikata! Njoo mama akuone, umekikata!"

Akatoka chumbani. Amevaa gauni lake la Idi. Amechana nywele kwa maji, upande mmoja zimesimama. Mkononi ameshika furushi, kanga yangu ya kijani, ameifunga pembe kwa pembe. Alikuwa amelia, ila alikuwa amemaliza.

"Nipo tayari, mama," akasema. "Viatu nimeviosha. Ukivipeleka kwa fundi akavishona, vitamtosha huyo mtoto mwingine."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, kiatu mkononi. Nikalivuta furushi mapajani nikaanza kulifungua. Fundo alikuwa amelikaza kwa meno, halitoki, nikalivuta nalia, nalivuta nalia. Ndani kulikuwa na sare ya shule, chupi, mswaki, na soksi amezikunja vizuri moja ndani ya nyingine. Niliinuka nikazirudisha zote mahali pake, sare nikaitundika kwenye msumari wake, naongea mfululizo kama mwendawazimu: hakuna safari, hakuna mtoto mwingine, hata ukimaliza viatu vya duka zima, hata ukivila. Yeye amesimama ananifuata kwa macho.

"Mama," akasema nilipomaliza, "kanga usiipeleke mbali. Iache hapo karibu."

Nikaichukua ile kanga nikajifunga mimi kiunoni, nikaibana sana. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, safari hii si kidevu. Nikamwambia kanga hii sasa ni ya mama ya kuvaa, haitafunga tena nguo za mtu katika nyumba hii.

Akanitazama. Akaitazama kanga.

"Sawa, mama," akasema.